Alama Zimetoka Chini ya Tulivyotumaini: Turudie Mtihani au Tuendelee?



Jumapili moja baada ya ibada, hapa Kalemie, binti mmoja wa kwaya alibaki kwenye benchi wakati wenzake wakitoka. Wiki chache kabla ya hapo tulimwita mbele ya kanisa tukamwombea safari. Alikuwa anakwenda Dar es Salaam kufanya mtihani unaodaiwa na baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani kwa wale wanaoomba masomo ya masta. Alivuka ziwa hadi Kigoma, akaendelea kwa basi, akafanya mtihani, akarudi salama. Tangu arudi, kila aliyekutana naye sokoni au mlangoni mwa kanisa alimwuliza neno moja: "Ulifaulu?" Naye hakuwa na jibu la kuwapa. Karatasi yake ilionyesha 149, 151 na 3.0, bila kusema popote kama amefaulu au ameshindwa. Alichojua ni kwamba alitumaini zaidi.

Mama yake huuza mikebuka sokoni. Zamu yake ya likelemba ilipofika, hakununua mzigo mpya wa samaki; alimpa binti zile pesa alipie mtihani na safari. Sasa nyumbani kuna maneno matatu. Mjomba anasema arudie upesi kabla hajasahau aliyosoma. Mama anasema labda Mungu amefunga mlango. Binti mwenyewe alituambia kitu ambacho hatujakisahau: hajui kama anataka kurudia kwa ajili ya masomo, au kwa ajili ya aibu.

Sisi tunaosindikiza wanafunzi katika parokia yetu tulikaa naye mara kadhaa, tukiwa na karatasi na kalamu. Baada yake alikuja kijana mwingine mwenye swali hilo hilo. Wawili hawa walifikia maamuzi tofauti, na tunaamini yote mawili ni sawa. Tunaandika hapa tulivyojifunza pamoja nao, kwa ajili ya vijana wengine wenye lisansi mkononi, na kwa ajili ya wazazi wanaoombwa pesa ya mara ya pili.

Mtihani usio na kufaulu wala kushindwa

Mtihani huo unaitwa GRE. Unaandaliwa na shirika la Marekani liitwalo ETS, lililoanzishwa mwaka 1947, ambalo pia ndilo linaloandaa TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza. GRE ina sehemu tatu. Kuna sehemu ya lugha, yaani kusoma maandiko ya Kiingereza na kuelewa maneno yake. Kuna sehemu ya hesabu. Na kuna insha moja ya dakika 30. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa, na wote unachukua muda wa saa 1 na dakika 58.

Sisi Wakongomani tumekulia katika mtihani wa serikali. Tunajua asilimia 50 ni mpaka: juu yake unapata diploma, chini yake unarudi mwaka ujao. Tunajua pia kwamba ile asilimia inaandikwa kwenye diploma na kukufuata maisha yako yote. Wako waliopata 52 ambao hadi leo hawapendi kuonyesha karatasi yao. Kwa hiyo tunapopata alama za GRE, tunazisoma kwa macho yale yale, na hapo ndipo tunapotea.

GRE haina mpaka wa kufaulu. Kila chuo, na mara nyingi kila idara ndani ya chuo, hutazama alama kwa namna yake, pamoja na alama zako za chuo kikuu, barua za walimu wako na maelezo unayoandika juu ya unachotaka kusoma. Alama ile ile inaweza kutosha kwa idara ya maendeleo ya jamii na isitoshe kwa idara ya uchumi. Anayeuliza "Ulifaulu?" anauliza swali ambalo mtihani huu hauwezi kulijibu. Swali linalofaa ni hili: "Alama hizi zinatosha kwa mlango upi?"

Kuzisoma alama bila kujidanganya

Sehemu ya lugha na ile ya hesabu kila moja inapimwa kutoka 130 hadi 170. Insha inapimwa kutoka 0 hadi 6, kwa hatua za nusu pointi.

Ndugu mmoja wa binti yetu alikuwa amechukua 151, akagawanya kwa 170, akapata karibu asilimia 89, akafurahi sana. Ilibidi tumweleze taratibu. Kipimo hakianzii kwenye sifuri, kinaanzia 130. Hata mtu asiyejibu vizuri swali lolote hawezi kushuka chini ya hapo. Kutoka 130 hadi 170 kuna hatua 40, na 151 ni hatua ya 21. Ni katikati ya ngazi, si karibu na kilele.

Tena ngazi peke yake haitoshi. Lazima kujua watu wamesimama wapi juu yake. Katika miaka ya karibuni wastani wa sehemu ya lugha umezunguka 151, na wa hesabu umezunguka 157. Hesabu iko juu kwa sababu watahiniwa wengi duniani ni wahandisi na watu wa sayansi. Basi 149 ya lugha, kwa mtu aliyesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi, iko karibu sana na wastani wa dunia nzima. 151 ya hesabu ndiyo iliyo chini kidogo. Binti alikuwa anaililia lugha, kumbe lugha ndiyo iliyokuwa imemsimamia vizuri kuliko hesabu. Karatasi ya matokeo huonyesha pia ni asilimia ngapi ya watahiniwa wako chini yako katika kila sehemu. Hiyo ndiyo namba ya kuangalia kwanza.

Jambo la mwisho juu ya kusoma alama: mtu yule yule akifanya mtihani huu Jumatatu na kuurudia baada ya mwezi bila kujifunza lolote, alama zake zitapanda au kushuka pointi mbili tatu kwa bahati ya maswali na hali ya siku. ETS lenyewe linawaonya wanaotumia alama zake kwamba tofauti ndogo zisichukuliwe kama tofauti ya kweli kati ya watu. Ikiwa umekosa pointi mbili tu, pengine hujakosa kitu. Ukirudia ili upate pointi mbili, pengine unanunua bahati.

Swali la kwanza: mlango unadai nini?

Kabla ya kuzungumza juu ya kurudia, tulimwomba binti aandike majina ya vyuo vyote anavyotaka kuomba. Aliandika vitano. Kisha alikwenda mahali penye intaneti nzuri, akafungua ukurasa wa kila idara, akaandika neno moja mbele ya kila jina: lazima, hiari, au haitakiwi.

Matokeo yalimshangaza. Katika vitano, viwili havikuitaka GRE kabisa. Kimoja kilisema ni hiari. Viwili tu vilisema ni lazima. Jambo hili si la ajabu. Kabla ya ugonjwa wa Covid-19 idara nyingi za Marekani zilikuwa zimeanza kuiacha GRE, na tangu mwaka 2020 zilizoiacha zimeongezeka sana. Vyuo vingi vya Ulaya na vya Afrika ya Mashariki haviiombi kwa masomo mengi ya masta; vinatazama matokeo yako ya chuo na lugha yako. Lakini idara hubadilisha masharti mwaka hadi mwaka, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba "Marekani wanadai" au "Marekani hawadai tena". Fungua ukurasa wa idara yako, wa mwaka wako.

Palipoandikwa hiari, ushauri wetu ni rahisi: kama alama zinakupandisha, zitume, kama zinakushusha, ziache nyumbani. Unaweza kufanya hivyo kwa sababu ETS humruhusu mtahiniwa kuchagua alama za siku ipi atume. Chuo hakioni mtihani ambao hukuutuma, wala karatasi unayotuma haionyeshi ulifanya mara ngapi. Hapa pia GRE si kama diploma yetu ya serikali. Alama mbaya ya GRE haikufuati. Inakaa miaka 5, kisha inakwisha.

Vijana wengi wa kwetu hawajui hilo, na wanaishi na hofu bure. Binti yetu aliposikia kwamba alama zake hazitaonekana mahali asipozituma, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Basi aibu yote hii iko hapa Kalemie tu." Tulicheka pamoja naye, lakini neno lile lilituchoma. Tutalirudia.

Swali la pili: kwa nini alama zilikuwa chini?

Kurudia mtihani bila kujua sababu ni kama kumeza dawa ile ile kwa homa usiyoijua. Tuliwaambia wote wawili waandike sababu. Zinaangukia mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni siku yenyewe. Yule kijana wa pili alifika mjini usiku wa kuamkia mtihani, baada ya safari ya siku nyingi, bila kulala vizuri. Kwa mazoezi ya nyumbani, akijipima kwa saa, alikuwa anapata 159 katika hesabu. Siku ile alipata 151. Pointi nane si bahati ya maswali. Ni uchovu.

Fungu la pili ni kutoujua mtihani. Hapa wengi wetu wanapoteza pointi ambazo hazina uhusiano na akili. Kwa mfano, katika GRE jibu baya halipunguzi kitu, kwa hiyo usiache swali lolote tupu hata kama unabahatisha. Kila sehemu, ya lugha na ya hesabu, ina vipande viwili: cha kwanza maswali 12, cha pili maswali 15. Ugumu wa kipande cha pili unategemea ulivyofanya katika cha kwanza, kwa hiyo anayechelewa na kuacha mengi mwanzoni anajifungia njia ya kupanda. Kikokotoo kimo ndani ya kompyuta. Huhitaji kugawanya kwa mkono kama shuleni.

Na kuna mtego mmoja wa kwetu sisi tuliosoma kwa Kifaransa. Sisi tunaandika 2,5 tukimaanisha mbili na nusu. Waingereza na Wamarekani wanaandika 2.5, na mkato wanautumia kutenganisha maelfu: 2,500 kwao ni elfu mbili na mia tano. Binti alituambia kwamba katika maswali mawili au matatu alisimama kabisa akijiuliza namba ni ipi. Ongeza hapo majina ya hesabu: mtu anaweza kuijua hesabu yote ya pembetatu kwa Kifaransa, asijue jina la upande mmoja kwa Kiingereza. Hilo ni pengo la maneno. Mtu anaweza kuliziba kwa wiki chache akiwa na daftari moja la maneno mia mbili.

Fungu la tatu ni msingi. Kama mtu ameacha hesabu tangu sekondari, au anasoma Kiingereza kwa shida hata bila saa kumkimbiza, wiki tatu hazitoshi. Atahitaji miezi mingi, na huenda pesa ya mtihani ingefaa zaidi kulipia masomo ya Kiingereza.

Namna ya kujua uko fungu lipi ni kujipima upya kabla ya kulipa. ETS hutoa bure mitihani miwili ya mazoezi kwenye kompyuta, inayofanana na mtihani wenyewe na kutoa alama kwa kipimo kile kile. Jifunze kwanza, kisha fanya wa kwanza kwa saa, bila kusimama, bila simu, mlango umefungwa. Baada ya wiki kadhaa fanya wa pili. Tuliwekeana kanuni hii: kama mazoezi yote mawili hayapandi angalau pointi tano juu ya alama ya kwanza, katika sehemu ambayo chuo kinaitazama, hatulipi. Tano si namba takatifu, lakini imezidi ile bahati ya pointi mbili tatu. Kanuni iandikwe kabla ya kujipima. Ikiandikwa baadaye, moyo utaipinda.

Swali la tatu: pesa hii ni ya nani?

Bwana Yesu aliwaambia wanafunzi wake juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza. Tuliketi tukahesabu.

Mtihani wenyewe ni dola 220 katika nchi nyingi, na kurudia ni dola 220 nyingine. Hakuna punguzo la mara ya pili. Hizo tayari ni dola 440. Ongeza mashua au meli ya kuvuka ziwa, basi au treni kutoka Kigoma, malazi, chakula, na siku za kazi zilizopotea. Kwa anayepitia Lubumbashi kwa ndege, hesabu inapanda zaidi. Njia ya kaskazini, tangu Goma na Bukavu zilipotekwa mwanzoni mwa mwaka 2025, si ya kutegemea. Siku ya mtihani unaweza kutuma alama kwa vyuo vinne bila kulipa zaidi. Ukitaka kutuma baadaye, kila chuo kinalipiwa.

Na GRE siyo gharama ya mwisho. Mtu aliyesoma kwa Kifaransa ataombwa pia mtihani wa Kiingereza, kama TOEFL au IELTS, na alama hizo zinakaa miaka 2 tu. Kuna ada ya kuomba chuo, ingawa baadhi ya idara hukubali kuisamehe kwa anayeandika barua ya heshima kueleza hali yake. Wengi hawapati kwa sababu hawakuomba. Kuna kutafsiri karatasi za chuo, paspoti, na safari ya Kinshasa kwa mahojiano ya viza. Tuliona binti amebakiwa na pesa ya jambo moja tu kati ya mawili: kurudia GRE, au kufanya mtihani wa Kiingereza. Kwa GRE angeongeza nguvu kwenye vyuo viwili. Bila mtihani wa Kiingereza, vyote vitano vingemkatalia. Tulipoliweka hivyo kwenye karatasi, mjomba mwenyewe, aliyekuwa anasukuma kurudia, alitikisa kichwa na kusema, "Aende na Kiingereza."

Kwa wazazi tunasema hivi kwa upole: ni haki yenu kuiona karatasi hii ya hesabu kabla ya kutoa pesa ya likelemba mara ya pili. Na kwa vijana: kumwonyesha mama hesabu si kukosa imani. Ni kumheshimu.

Swali la nne: tarehe

GRE inaruhusiwa kurudiwa baada ya siku 21, na si zaidi ya mara 5 katika miezi 12. Sheria inaruhusu, lakini si lazima mwili na akili viwe tayari siku ya 22. Alama za lugha na hesabu unaziona kwenye kompyuta mara unapomaliza; matokeo kamili, pamoja na insha, hutoka baada ya siku 8 hadi 10.

Basi hesabu kwa kurudi nyuma. Idara nyingi za Marekani hufunga maombi kati ya Desemba na Januari kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba. Kama mwisho wako ni tarehe 15 Desemba, mtihani wa kurudia ufanyike mwanzoni mwa Novemba, ili alama zifike mapema, na mazoezi yaanze Agosti. Mtu anayepata wazo la kurudia mwishoni mwa Novemba anafanya vizuri zaidi kutuma maombi kwa alama alizo nazo, au kungoja mwaka ujao. Yale majuma ya mwisho yanafaa kwa barua ya maelezo, na barua nzuri mara nyingi ina uzito kuliko pointi tatu.

Je, kuufanyia nyumbani?

Wengi wanatuuliza, kwa sababu GRE inaweza pia kufanyiwa nyumbani mbele ya kamera ya kompyuta, na hivyo kuokoa safari. Ni kweli. Lakini masharti ni makali. Uwe peke yako katika chumba kilichofungwa; mtu akiingia, hata mtoto mdogo, mtihani unaweza kufutwa. Hakuna simu wala vifaa vya masikioni. Karatasi za kawaida za kuandikia haziruhusiwi. Unaandika kwenye ubao mdogo wa kufutika. Intaneti isikatike kwa muda wa saa mbili. Hapa mjini, umeme unaotoka Bendera unapokatika tunajua inavyokuwa. Anayetaka njia hii atafute ofisi yenye jenereta au betri nzuri, apime intaneti siku kadhaa kwa saa ile ile ya mtihani, na aangalie kwanza kama kompyuta yake inakubaliwa.

Na kwa njia zote mbili, angalia jina lako. Sisi Wakongomani tuna jina, jina la nyongeza na jina la ubatizo, nazo hazipangwi sawa kwenye kila karatasi. Unapojiandikisha, andika majina yako kama yalivyo kwenye paspoti, herufi kwa herufi. Jina likitofautiana unaweza kuzuiwa mlangoni, na ada haitarudi.

Walivyoamua

Yule kijana wa pili alipitia maswali haya manne. Idara tatu kati ya nne alizochagua zinadai GRE, tena zinatazama hesabu. Sababu ya alama yake ilijulikana: safari na usingizi. Mitihani miwili ya mazoezi ilimpa 158 na 160. Miezi ilikuwa bado ipo, na kaka yake aliye Kigoma alikubali kumpokea, ili avuke ziwa wiki nzima kabla na kupumzika. Amejiandikisha kurudia. Tunamwombea.

Binti yetu hakurudia. Alituma maombi kwenye vile vyuo vitatu visivyoilazimisha GRE, akatia nguvu zake zote katika Kiingereza na barua ya maelezo. Vile viwili vingine ameviweka kando kwa mwaka huu. Alama zake bado zina miaka yake mitano. Akitaka kurudia mwakani, mlango haujafungwa. Aliporudi kutuambia uamuzi wake, hakuzungumza tena juu ya aibu.

Neno kwa kanisa

Tuliahidi kulirudia lile neno lake, kwamba aibu ilikuwa hapa Kalemie tu. Ni sisi tuliomwita mbele. Tulifanya vema kumwombea. Lakini tuliomba kwa namna iliyofanya mtihani uonekane kama pigano ambalo Mungu lazima ashinde siku ile, mbele ya macho yetu. Alama zilipotoka za wastani, binti alibaki kama mtu aliyeliangusha kanisa.

Hatutaki kusema kwamba alama ya chini ni Mungu anayefunga mlango, wala kwamba anayerudia mara tatu ana imani kuliko anayeacha. Alama ni kipimo cha saa mbili, kilichotengenezwa na watu, cha kazi fulani. Mungu humwongoza mtu pia kwa njia ya kalamu na hesabu, kwa mwalimu anayesema ukweli, na kwa mama anayeuliza pesa inakwenda wapi.

Basi tumekubaliana mambo mawili katika parokia yetu. Tukimwombea kijana anayekwenda mtihani, tutaomba afya, utulivu na safari njema, na tutaomba pia hekima ya kupokea matokeo yoyote. Na atakaporudi, hatutamwuliza "Ulifaulu?" Tutamwuliza: "Karibu nyumbani. Umeonaje, na sasa unafikiri nini?" Kisha tutaketi naye kwenye benchi, na karatasi na kalamu, mpaka ajue mwenyewe.

Neema ya Bwana iwe nanyi.